Hasira Ile Ilikuwa ya Nani

Hawa mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini nikikuuliza nitakuwa najifanya tu, kwa sababu nakusikia uani unasugua sufuria, na kwa jinsi unavyoisugua naijua hali yako. Umenuna. Una haki. Tangu Jumapili tunaongea mambo ya chumvi na ufunguo tu, na kesho alfajiri gari la Dar linakuchukua, kisha lingine la kukupeleka kwenye ualimu wako Mtwara, mji ambao mimi sijafika hata kwenye ndoto.

Ningeweza kukuita ndani tukaongea. Leo nimejaribu. Ulikuja ukasimama mlangoni na mikono ina povu, ukasema, "Abee mama," nami nikakuambia uangalie kama kuku wamepewa maji. Mdomo wangu siuamini tena. Kalamu inakwenda polepole, na nikiona neno baya linakuja napata nafasi ya kulizuia. Ndiyo maana naandika, jua likiwa bado lipo, kabla mama yako mdogo hajafika kutoka Mungaa na mabegi yake na maneno yake.

Habari za neti, sabuni, wavulana na mahali pa kuficha hela safarini atakueleza yeye mpaka masikio yachoke. Huo ndio uwanja wake. Mimi nataka kukueleza habari za mwanamke unayemwita mama, kwa sababu Jumapili alikutamkia neno, na naona unalifunga ndani ya begi pamoja na nguo.

Herufi zangu zimekuwa kubwa kama za mtoto wa chekechea. Vumilia.

Lile banda la nyuma tunalowakodishia watu wa vitunguu lilikuwa na mashine ya kukamua alizeti, na mashine ile ilikuwa yangu. Baba yako alikuwa na lori la watu analoendesha, mimi nakamua. Msimu ukifika wanawake walipanga foleni na magunia kuanzia mlangoni kwetu mpaka kwenye lile jiwe kubwa la jirani, wanasubiri mafuta yao na mashudu yao ya kulishia mifugo, na mimi kazi yangu ya pili ilikuwa kuwatania mpaka wasahau kwamba foleni haisogei. Mama yako mdogo anasema watu walikuwa wanapita mashine nyingine njiani ili waje kwangu kucheka. Anatia chumvi, lakini si nyingi.

Msimu mmoja, wewe hujaanza shule, niliinama kuchota alizeti kwa debe nikapigwa na umeme. Ulianzia shingoni, ukashuka mgongoni mpaka visiginoni, ukaisha. Nikainuka, nikajipapasa, mzima. Nikainama tena, ukapiga tena. Mtu yeyote wa hapa Mandewa angefikiri nilichofikiri mimi. Mashine inapiga shoti.

Nikamwita fundi Ntandu, ambaye ndiye aliyeifunga mashine ile kwa mikono yake. Alikuja na testa, akagusa huku na huku, taa yake haikuwaka.

"Mama Hawa, hapa hakuna umeme unaovuja," akasema.

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo, mama. Nasema mashine ni nzima."

Kisha akavua ndala, akasimama peku kwenye udongo, akaweka kiganja chote kwenye bodi ya mashine na kunitazama. Alikuwa ananionyesha tu. Lakini mimi ambaye umeme ule ulikuwa umepita mgongoni mwangu dakika hiyo, niliona mtu ananicheka. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba ameng'oa waya wa ardhi akauza shaba yake, ndiyo maana anaogopa kutafuta. Mtu mzima yule, mwenye wajukuu. Alichukua mfuko wake akaondoka, na mimi nikaendelea kulisema jambo hilo kwa kila aliyekuja kukamua, mpaka watu wa hapa wakaacha kumwita. Mwisho akahamia Ulemo kwa mwanawe.

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa ndani zaidi ya nguo. Miaka ilipita ndipo daktari akaniambia kwamba mtu mwenye ugonjwa wangu akiinamisha shingo anaweza kuhisi hivyohivyo, umeme unashuka mgongoni, na hakuna mashine wala waya inayohusika. Nilimtumia fundi salamu za kuomba radhi kwa mtu anayekwenda Ulemo kununua karanga. Jibu lilirudi kwamba alishanisamehe zamani, ila mashine ile ilihitaji kweli waya mpya wa ardhi. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia.

Nakueleza haya kwa sababu nikirudi nyuma kutafuta ni lini nilianza kuwa huyu unayemjua, nasimama hapo. Kabla ya siku ile sikumbuki kumtukana mtu mzima mbele za watu. Umeme na ulimi vilikuja siku moja. Mpaka leo sijui kama vilikuja pamoja, au kimoja kilimshika mwenzake mkono kikamwingiza ndani.

Nimepumzika kidogo. Mkono ulikataa. Umemaliza sufuria, sasa unafagia, na fagio nalo linaniambia bado umenuna.

Ya katikati unayajua nusunusu. Jicho la kushoto lilipoingia ukungu, tukapewa dawa ya matone. Mguu ulipoanza kuburuta, wakasema presha, wakasema vitamini. Dawa za malaria nilizomeza zilikuwa za mbu ambao hata hawajanigusa. Tulikwenda na kwa mganga, usijifanye hukumbuki, ulibeba kuku mwenyewe. Alinitajia jirani. Bahati nzuri jirani aliyemtaja alikuwa amefariki, vinginevyo kwa ulimi niliokuwa nao wakati ule ningemfuata mpaka mlangoni kwake.

Baba yako sasa. Wewe unaamini alituacha kwa ajili ya yule mwanamke wa Itigi, na mimi nimekuacha uamini kwa kuwa ilinipendeza. Mwanamke alikuja baadaye. Siku anaondoka alikaa kwenye kigoda anafunga kamba za viatu taratibu, kama anayetaka azuiwe. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Nimemngoja arudi," akasema, "nimechoka."

"Nani?"

"Zuhura."

Nilikuwa nimesimama mbele yake nimeshika ukuta. Nikamwambia, "Si huyu hapa." Akainua uso akanitazama vizuri, wala hakuwa na hasira, akasema, "Nimeshakutazama sana."

Sijamsamehe na sikuombi umsamehe. Ila usimchukie kwa kosa lisilo lake. Mchukie kwa lile lililo lake, kwamba alikuwa na miguu akaitumia. Maneno aliyosema pale kwenye kigoda yalikuwa kweli kwake, nami yamebaki humu ndani kuliko yeye alivyobaki. Kuna siku nikisikia kiatu kinaburuta barazani nadhani ni yule Zuhura mwingine amefika, kumbe kiatu ni changu.

Safari ya kwanza ya Dar ndipo nilipopewa jina la ugonjwa, multipo sklerosisi. Mama yako mdogo analiita lile jina la kizungu, na kwa kweli halina jina lingine kwetu. Waliniingiza kwenye bomba linalogonga kama mtu anayenyoosha bati, kisha daktari akanieleza kwamba ndani ya ubongo na uti wa mgongo kuna neva, na neva ina ganda kama plastiki ya waya, na mwili wangu wenyewe unalitafuna ganda hilo. Nilitaka kumwuliza kama anamfahamu fundi Ntandu.

Safari ya pili ulinisindikiza wewe. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unasubiri matokeo. Kulikuwa na daktari kijana anafanya utafiti wa watu wenye ugonjwa huu, anataka kujua tabia zao na umeme wa ubongo wao, kama vinakwenda pamoja. Jioni yake kule gesti ulinifumua zile nywele za twende kilioni, unavuta taratibu ili nisipige kelele, nami nilipiga kelele vilevile. Asubuhi wakanibandika waya kichwa kizima kwa ute mzito kama wa bamia. Wakanikalisha mbele ya kioo chenye miraba nyeusi na nyeupe kama ubao wa drafti, miraba inabadilishana nafasi, nyeusi inakuwa nyeupe, mimi nikaambiwa nitazame tu katikati nisipepese. Baadaye wakanivisha vitu vya masikioni. Mlio ulikuwa mwembamba, mwembamba, mwembamba, halafu ghafla mmoja mnene, na kila ukija mnene nibonyeze kitufe. Nilibonyeza yote. Nikajiona hodari.

Daktari akanionyesha kwenye kompyuta mistari yenye vilima. "Watu wengi kilima kinainuka hapa," akasema. "Chako ni hiki." Kilikuwa kimesogea pembeni kwa upana wa kidole.

"Nimekosea?"

"Hujakosea, mama. Jibu lipo. Linachelewa tu kufika."

Halafu akasema sasa ni maswali ya tabia, na kwamba ataniuliza mimi, kisha atamwuliza mtu ninayeishi naye, kila mmoja peke yake. Akaniuliza kama mimi ni mtu wa kukasirika haraka. Nikasema hapana, mimi ni mtu wa utani. Akaniuliza kama napenda kukaa na watu. Nikamwambia watu wanapita mashine nyingine njiani ili waje kwangu. Nilisema hivyo, Hawa. Mashine tulikuwa tumeiuza, wateja wamekwisha kunisahau, na mimi sikujua kwamba nadanganya. Nilikuwa nakumbuka tu.

Wakanitoa, wakakuingiza wewe. Chumba kile kiligawanywa kwa plaiwudi, na mimi masikio yangu ugonjwa haujayagusa.

"Hasira anazo," ulisema.

"Zilianza lini, unakumbuka?"

Nilisikia kiti chako kinasogea. Kisha ukasema, "Sijui. Mimi nimemkuta hivyo."

Hukusema kwa chuki. Ulisema kama mtu aliyeulizwa nyumba yao ilijengwa mwaka gani. Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile na sijawahi kukuambia kwamba niliyasikia. Mimi nilikuwa nadhani humu ndani sote wawili tunamngoja mtu mmoja arudi. Kumbe ni mimi peke yangu niliyekuwa nangoja. Wewe hukuwa umempoteza mtu.

Kabla hatujaondoka nilimwuliza daktari, hizi hasira ni zangu au za ugonjwa. Nilitaka aseme za ugonjwa. Alivua miwani akaifuta kwa koti.

"Nikikujibu nitakudanganya, mama. Wapo wanaobadilika sana, wapo wasiobadilika kabisa, na hicho ndicho sisi tunachotafuta. Mashine inanionyesha jibu limechelewa. Hainionyeshi hasira ni ya nani."

Nilimheshimu kwa hilo, baada ya kumchukia njia nzima mpaka gesti. Kule ulinikalisha kwenye stuli bafuni, ukanikanda kichwa kwa maji ya vuguvugu mpaka ute wote ukatoka. Mimi nililalamika kwamba sabuni inaniingia machoni. Sikusema asante, Hawa. Asante.

Yule Zuhura mwingine hajaondoka, na usifikiri nimerukwa na akili nikisema hivyo. Sioni kitu. Lakini kuna asubuhi naamka yeye ndiye anayefumbua macho. Utani umeshafika mdomoni, nataka kumwambia mtu, kisha naitafuta miguu na miguu haipo mahali pake, na mara moja narudi kuwa huyu.

Unaikumbuka harusi ya Mungaa, ya binti wa mjomba. Mama yako mdogo alikuwa amezungukwa na wasichana kwenye mkeka, anawasimulia habari za Zuhura. Zuhura alivyocheza mpaka kisigino cha kiatu kikakatika, akaendelea kucheza na kimoja. Zuhura alivyomwambia mwalimu mkuu kwamba mashudu ni keki ya Kizungu na mwalimu akaonja. Wasichana wanacheka mpaka wanashikana. Mmoja wao akasema, "Jamani, natamani ningemjua." Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti nyuma yao, sahani ya pilau mapajani. Nawe ulikuwa unacheka, Hawa, ulikuwa unacheka vizuri sana, halafu ukageuka ukaniona na kicheko kikaisha. Nilikuwa nasimuliwa kama marehemu, na marehemu anakula pilau. Hakuna aliyekosea pale. Lakini hata usiku wa manane sikuwahi kuliogopa kaburi kama nilivyoliogopa lile pilau.

Kuna jambo lingine nililoliona, na nitalisema kwa sababu unaondoka. Mwezi uliopita ulikuwa chumbani mbele ya kioo, mlango haukufungwa vizuri. Uliinamisha shingo mpaka kidevu kikagusa kifua. Ukakaa hivyo, unasubiri. Ukainuka, ukainama tena. Nilijua unatafuta nini. Sikuingia. Niliuburuta mguu wangu mpaka jikoni nikashika meza.

Nilimwuliza daktari hilo pia, siku ileile. Akasema ugonjwa huu haurithiwi kama shamba. Kwa mtoto wa mgonjwa hatari inazidi kidogo kuliko ya watu wengine, lakini watoto wengi hawaupati. Nakuandikia kama alivyoniambia, bila kuongeza sukari. Sitakuambia uache kuinama mbele ya kioo, maana na mimi ningeinama. Ila ukihisi kitu, usihangaike na mafundi. Nenda hospitali mapema, uwasumbue.

Sasa Jumapili.

Ulikuwa umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, unachambua mlenda. Nilikuuliza kama umeshapanga nguo. Ukasema hujapanga, huendi. Ukasema, "Nani atakuogesha, mama? Nani atakuinua? Mama mdogo mwenyewe mgongo unamsumbua." Ulisema kwa upole kabisa. Ningependa kukuambia kwamba ulikuwa umenijibu vibaya, lakini ulisema kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma. Nikakuambia, "Nenda. Nenda na usirudi. Hata siku ya kunizika usije ukakanyaga kaburi langu."

Hukulia. Uliweka ungo chini, ukasimama, ukavuka ua ukaingia ndani.

Jumatatu mama yako mdogo alinipigia simu, umeshamweleza. "Dada," akasema, "Hawa anajua ule ni ugonjwa. Mwambie tu ni ugonjwa, yaishe. Mtoto asafiri na amani." Nikaona ni rahisi. Wiki nzima nimekuwa nalikamata wazo hilo. Nimelala nalo, nimekula nalo. Daktari mwenyewe hakuweza kusema siyo. Ningekuita, ningesema, mwanangu, si mimi, ni ganda la waya limeliwa, ungeniinamia ukanikumbatia na kesho ungepanda gari.

Kilichonizuia ni bibi yako, mama yangu. Hukuwahi kumwona akifanya hili maana alifariki ukiwa mdogo. Kwao, mzazi akimtamkia mtoto neno zito, neno halitoki kwa samahani. Linatoka kwa maji. Alfajiri, kabla mzazi hajasema na mtu yeyote, anapiga funda la maji, analishikilia mdomoni, mtoto anakuja anasimama mbele yake, na mzazi anamtemea kifuani. Ndipo anafungua mdomo kusema neno jema, na hilo ndilo la kwanza la siku. Shehe hapendi kusikia habari hizi, na bibi alikuwa anaswali swala tano na maji anatema.

Mimi alinitemea mara moja. Niliondoka kwenda kuolewa wakati yeye hataki, akasema nitarudi na mtoto mgongoni na kibuyu kitupu. Alfajiri ya siku ya kuondoka akanifuata na shavu limejaa. Baadaye nilimwuliza kwa nini hakumtemea mjomba wako, mwanawe ambaye yeye mwenyewe alimtamkia mabaya zaidi siku aliyokuwa na homa ya kupoteza fahamu. Alinijibu kwa Kinyaturu, na kwa Kiswahili ni hivi: neno la mwenye homa halina mwenyewe, na lisilo na mwenyewe halina wa kulirudisha. Anayetema lazima akubali kwanza kwamba lilikuwa lake.

Basi nimekaa na hilo. Nikisema ni ugonjwa uliokufukuza, nimesalimika, lakini neno linabaki linazurura bila mwenyewe, na litakufuata Mtwara. Tena nikiupa ugonjwa maneno yangu mabaya, kesho utakuja kudai na mazuri. Siku nilipokuambia kwamba sauti yako ikisoma Kurani inanipa usingizi, nani alisema? Nani alilia matokeo yako yalipotoka? Siwezi kuukatia ugonjwa kipande kimoja cha mdomo nikabaki na kingine. Au mdomo wote ni wangu, au sina mdomo.

Kwa hiyo nimerudi Jumapili ile nikajitazama, na nitakuambia nilichokiona. Ugonjwa unaweza kuwa ndio uliolegeza breki, sijui, na yule daktari naye hajui. Lakini kilichokuwa ndani ya gari nilikijua. Ulipokuwa unaongea nilikuwa natazama miguu yako. Ulikuwa umeikunja kwenye ile ndoo bila hata kuifikiria, vumbi limekupanda mpaka kwenye magoti, na mguu mmoja unatikisika wenyewe kwa raha yake kama unavyofanya tangu utotoni. Unakataa kwenda, na miguu ile ipo. Nilikuonea wivu, Hawa. Mwanangu mwenyewe. Nilitaka uende kwa sababu nakupenda, na nilitaka uumie kwa sababu unaweza kwenda. Yote mawili yalitoka kwa pumzi moja, na neno likawa lile.

Ni langu. Nimelisema mimi, Zuhura, na si mwingine yeyote wa zamani wala wa sasa.

Usijiulize tena kama mama yako halisi angesema vile. Mama halisi ndiye huyu, amesema, na ameona haya. Yule wa mashine ya alizeti nilimpenda sana na nitaendelea kumlilia, lakini yeye hakukupeleka shule, na hakukuchagulia begi la safari, na si yeye anayekuandikia. Mimi ndiye niliyekulea, kwa hasira zangu na yote. Ukinikumbuka kule nikumbuke mimi, hata kama si mtu wa kusimuliwa harusini.

Na wewe nenda. Ukiwafundisha watoto wa watu na mmoja akakuudhi mpaka ukamtamkia kitu, utajua mwenyewe cha kufanya, mimi sina hekima ya kukupa zaidi ya hii niliyoipata kwa kuchelewa. Mama yako mdogo ataniogesha, tutagombana kila siku, na itakuwa burudani yetu. Likizo ukipata, uje. Siku ya kunizika pia uje, ukanyage vizuri, na uwaambie wasinisifu kupita kiasi.

Nasikia mtu anabisha hodi mlango wa mbele. Ni mama yako mdogo, huwa anabisha huku ameshaingia. Naikunja barua hii, nitamwambia aiweke kwenye mkoba wako juu kabisa, uisome kabla ya kulala.

Kesho alfajiri utakuja kuniamkia. Utasema shikamoo, na mimi sitaitikia. Usije ukadhani nimekasirika tena, usigeuke ukaondoka. Nitakuwa nimekaa kwenye kiti karibu na mlango na nina funda la maji mdomoni, na kwa hali ya koo langu siwezi kulishikilia muda mrefu. Weka begi chini. Fungua kifungo cha juu. Njoo karibu kabisa, mwanangu, usimame pale ambapo magoti yetu yanagusana, kwa sababu siku hizi pumzi yangu haifiki mbali.

Mama